Minde Asiyekuwepo

Abdiel Sumari alipiga magoti kwenye majani yenye umande, akaokota punje moja ya mavi, akaipasua kwa ukucha na kuinusa.

"Ya alfajiri hii," alisema. "Amekula tini mwitu."

Arnold alikuwa amesimama nyuma yake na ubao wa kuandikia. "Minde au pongo?"

"Pongo anamwaga popote kama mlevi. Minde anachagua mahali, anaweka, anaondoka. Ana adabu kuliko watu wengi wa Kimandolu."

"Mimi nakaa Kimandolu, mzee."

"Najua."

Arnold alicheka, akaandika. Alikuwa Mchaga wa Machame, mwenye digrii na viatu vizuri, na kila Jumatatu alipanda mlimani na gari la mradi kuhesabu minde, yule paa mkubwa mweusi wa msituni ambaye karibu kila mtu amesikia habari zake na karibu hakuna aliyemwona. Abdiel alikuwa na miaka hamsini na miwili na darasa la nne. Yeye ndiye aliyejua kusoma ardhi. Baba yake alimfundisha kumtega minde kwa waya. Waya zilipokatazwa, watu wa mradi walikuja wakamwambia ujuzi uleule sasa ni wa kumlinda. Alikubali. Ilikuwa miaka mitatu sasa, na katika miaka hiyo hakuongeza wala kupunguza punje hata moja.

Walikuwa na mistari kumi ya kuhesabia, kila mmoja ukishuka kutoka msitu wa juu hadi kwenye mashamba ya Wameru juu ya Makumira. Saa nne walifika mwisho wa mstari wa saba, kwenye chemchemi. Maji yalitoka chini ya mwamba, yakajikusanya nyuma ya ukuta mdogo wa mawe uliojengwa na mababu, na kutoka hapo yakaingia kwenye mfereji ulioteremka kijijini. Mahali hapo pa kuchepusha maji paliitwa banio. Na pale kwenye mawe ya banio, chini ya kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe yenye unyevu, vyura walikuwa wanaimba, sauti kama za kokoto zinazotikiswa ndani ya mfuko.

Arnold aliangalia chini, huku na huku. "Mstari wa saba, chemchemi. Minde, sifuri."

"Na hao?"

"Hao nani?"

"Hao wanaokupigia kelele usikie."

"Fomu haina chura, mzee."

Abdiel aliomba aione fomu. Aliisoma polepole kwa kidole. Palikuwa na nafasi ya kwato, ya mavi, ya manyoya, ya tawi lililovunjwa. Alimrudishia karatasi, akainama, akainua kuvumwani kwa vidole viwili kama mtu anayefunua kitoto kilicholala. Chura mmoja aliruka akatua juu ya mkono wake. Hakuzidi ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Mgongo kijani, tumbo la manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Nimepanda vijito vyote vya upande huu wa mlima," alisema. "Huyu hayupo kwingine. Yupo hapa tu, kwenye haya mawe. Chuoni walikuonyesha?"

Arnold aliinama, akamtazama kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. "Hapana," alisema. "Inawezekana hayupo kwenye kitabu chochote."

"Basi mwandike."

"Nikimwandika, watasema niwaletee mtaalamu wa vyura. Mtaalamu wa vyura hayupo. Mradi huu ni wa minde."

"Na vile vigingi vyekundu pale chini ni vya nani?"

Arnold alijikuna shingo. Alimweleza. Serikali ilikuwa inachora upya mpaka wa hifadhi, na mpaka ungefuata minde. Palipo na dalili ya minde pangeingia ndani, pasiguswe na mtu. Pasipo na dalili pangeachwa nje, na shamba la maua la kule tambarare lilikuwa limeshaomba maji ya chemchemi yote, yaingie kwenye bomba litakalofuata vile vigingi.

"Sisi tulianza kunywa maji haya kabla babu yako hajazaliwa," alisema Abdiel.

"Mliyaomba kwa maandishi?"

Abdiel alimweka chura chini taratibu. Kisha alisimama na kutema mate mbali na maji.

Jumapili, baada ya ibada, watu wa mfereji walikusanyika kwenye ghala la chama cha ushirika. Ghala lilikuwa tupu. Tangu wanunuzi binafsi waanze kupita wakichukua kahawa mlangoni kwa mtu, mizani ya chama ilikuwa imeota kutu na wanachama waliobaki ni popo. Soko huria, waliambiwa. Kahawa ikawa huru kushuka bei. Watu wakawa huru kung'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao na kupanda nyanya. Sasa maji nayo yalikuwa yanapewa uhuru wake, yaende kunywesha maua ya kupelekwa Ulaya kwa ndege.

Abdiel aliwaeleza alichosikia. Alipofika kwenye vyura, mtu mmoja nyuma akacheka.

"Cheka," alisema Abdiel. "Mimi nimemla minde. Nyama yake ni nzuri. Ni mnyama mzuri, ana kishungi chekundu kichwani na macho kama ya binti wa kipaimara, na tunammaliza, ni kweli, mimi mwenyewe nimemmaliza kwa waya zangu. Alindwe. Sina ugomvi. Lakini minde ukimkatia mti hapa, anahamia kule. Ukimkausha maji, anatafuta mengine. Yule chura hahami. Nyumba yake ni hatua ishirini za mawe, basi. Hana nyama, hana ngozi, hana macho ya kupigwa picha. Hajawahi kula hata jani la kabichi la mtu. Na siku mkisikia amenyamaza, jueni maji mliyobaki nayo ni ya siku chache."

Mzee Melkizedeki, mwenyekiti wa mfereji, alikohoa. Alikuwa na karibu miaka themanini na jino moja tu la mbele, ambalo lilionekana kila alipokuwa na neno la maana.

"Mavi yana miguu?" aliuliza.

"Sijakuelewa, baba."

"Nauliza, mavi ya minde yanaweza kushuka yenyewe kutoka msituni mpaka kwenye chemchemi?"

"Hayawezi."

"Basi yanahitaji mtu wa kuyabeba."

Ghala lote liliangua kicheko. Abdiel peke yake hakucheka.

"Mimi sihesabu uongo, baba. Miaka mitatu sijaongeza hata punje."

"Na katika miaka hiyo mitatu," alisema Melkizedeki, "sisi wametuhesabu mara ngapi?"

Jioni Eunike, mke wake, alikuwa anaponda loshoro, ndizi na mahindi ndani ya chungu, na mwiko wake ulikuwa unagonga kwa nguvu kuliko kawaida.

"Umemkasirikia nani?" aliuliza.

"Wote."

"Mzee Melkizedeki kasema la maana."

"Kasema la aibu."

"Aibu haichoti maji, Baba Vaileth. Wakichukua chemchemi, ni mimi nitakayepanda na ndoo kutoka bondeni. Wewe utakuwa msituni na ukweli wako."

Abdiel alikwenda msituni Alhamisi asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Kama ni uongo, alijiambia, angalau usiwe wa kipumbavu. Alikusanya mavi mabichi kwenye mstari wa pili, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na majani yake yasikauke. Pale chemchemi aliyaweka mahali ambapo minde mwenyewe angechagua, juu kidogo ya maji, penye kichaka nyuma na njia ya kukimbilia mbele. Kisha akatengeneza nyayo kwa vidole viwili. Alibonyeza zaidi kwenye ncha, kwa sababu mnyama anayeshuka mteremko uzito wake huenda mbele. Alichana machipukizi ya kichaka kwa ukucha bila kuyakata, kwa sababu minde hana meno ya juu mbele. Kwenye mwiba mmoja alibandika manyoya matatu, aliyoyang'oa kwenye ngozi kuukuu ya minde iliyofunika kigoda cha marehemu baba yake.

Vyura walinyamaza alipofika. Alipotulia, wakaanza tena.

"Nyamazeni," aliwaambia kwa Kimeru. "Nyie hamhesabiwi."

Alirudi nyuma hatua kumi, akaitazama kazi yake kwa jicho la mgeni. Alikasirika zaidi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuufanyia mradi, na ndiyo pekee iliyokuwa ya uongo.

Jumatatu Arnold alikuja na Dokta, mama wa Kizungu mwenye kofia pana aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho juu ya ramani. Walipofika mwisho wa mstari wa saba, Abdiel aliwaacha wajionee. Arnold ndiye aliyeona kwanza. Alimtazama Abdiel, akayatazama mavi, akamtazama tena Abdiel, kisha akashusha macho kwenye ubao wake.

Dokta alipiga goti moja kwenye kuvumwani ili apige picha. Alipiga nyayo, akapiga machipukizi, akapiga manyoya matatu mmoja mmoja, na kila alipogeuka goti lake liligeuka naye, likisaga.

"Mzee, wewe una hakika?" aliuliza. "Haya ni ya minde?"

"Hayo ni mavi ya minde, Dokta," alisema Abdiel.

Dokta aliinuka akitabasamu. Kwenye goti la suruali yake palikuwa na kitu kidogo cha kijani na manjano, kimeganda kama kibandiko. Alikipangusa kwa kiganja huku macho yake yakiwa bado kwenye kamera. Abdiel alikitazama kikianguka.

Mwezi wa kumi nguzo za zege zililetwa. Zilizunguka chemchemi, zikapita juu ya vigingi vyekundu vya shamba la maua, na vigingi vikang'olewa vikatupwa kwenye gari. Kijijini walichinja mbuzi. Mzee Melkizedeki alimpelekea Abdiel paja zima, akasema, "Hili ni la aliyebeba." Watu walimpungia mkono barabarani. Wiki iliyofuata mradi ulimpa kaunda suti ya kijani, buti, redio ya kuongelea na cheo: mlinzi wa chemchemi. Eunike aliipiga pasi ile kaunda suti mara mbili.

Siku tatu baadaye Arnold alikuja na karatasi ya masharti, akaisoma akiwa amesimama kwenye nguzo. Mtu yeyote asiingie. Jembe lisiingie. Panga lisiingie. Ndani ya hatua mia kutoka kwenye maji pasiguswe kitu.

"Na banio?" aliuliza Abdiel. "Banio tunalisafisha kila mwaka kabla ya kupanda. Na mvua kubwa ikipita, tunaondoa matope."

"Banio liko ndani ya mpaka."

"Naona liko ndani. Nauliza litasafishwa na nani."

"Halitasafishwa, mzee. Watu wakiingia na majembe, minde atakimbia."

"Minde yupi?"

Arnold alikunja karatasi mara nne. "Yule uliyemwona," alisema.

Mvua za vuli zilikuja kwa hasira, siku chache tu, zikashusha matope na matawi kutoka juu. Banio likajaa. Maji hayakuweza kuingia kwenye mfereji, yakajitafutia njia ubavuni, yakachimba tundu chini ya ukuta wa mababu na kumwagikia korongoni, kusiko na shamba wala mtu. Mfereji ulibaki na tope, tope likapasuka, nyufa zikawa pana kiasi cha kuingia kidole. Migomba ilianza kukunja majani. Wanawake walianza kupanda na ndoo kutoka bondeni, Eunike mmoja wao, na alipofika nyumbani aliitua ndoo mbele ya mumewe.

Abdiel alikaa pale kila siku na buti zake, akilinda. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo hata yeye hakuwahi kulifikiri. Wale vyura hawakuishi kwenye maji ya mwamba, yaliyokuwa ya baridi na ya kasi. Waliishi kwenye ukuta, kwenye mawe yaliyopangwa na watu, pale maji yalipotuama kimo cha kiganja na kuvuja taratibu kwenye nyufa. Kila mwaka majembe yaliondoa tope na maji yakabaki kimo kilekile. Watu walikuwa wamewajengea nyumba na kuikarabati miaka mia bila kujua. Sasa ukuta ulikuwa mkavu upande mmoja. Kuvumwani kulikuwa kahawia, kukivunjika mkononi kama tumbaku. Alisikiliza. Pale palipokuwa na sauti mia, alihesabu sita.

Alijaribu kuziba tundu kwa mikono, peke yake. Tope lilimshinda. Ile ilikuwa kazi ya watu arobaini.

Alishuka Arusha mjini, kwenye ofisi ya mradi, akiwa amevaa kaunda suti. Ukutani nyuma ya meza ya Arnold palikuwa na kalenda mpya. Picha ya mwezi wa kwanza ilikuwa nyayo mbili kwenye tope, zimepigwa kwa karibu sana, nzuri kweli, na ncha zake zimebonyea. Abdiel alivitambua vidole vyake.

"Shikamoo, mzee," alisema Arnold. "Karibu, kaa."

"Sikai. Minde hajawahi kufika pale. Mavi niliyabeba mimi kwenye kopo."

Arnold aliinuka, akafunga mlango, akarudi.

"Usiyarudie maneno hayo."

"Ulijua."

"Nilijua. Ulitaka nifanye nini? Niseme mbele ya Dokta kwamba nyayo zina alama za kucha? Nilinyamaza kwa ajili yenu."

"Basi sasa sema kwa ajili yetu. Mpaka usogezwe, banio litoke nje."

"Ukisogezwa, wale wa maua bado wapo. Barua yao haijachanwa, imewekwa kwenye droo. Siku nitakayoandika kwamba hakuna minde, siku hiyohiyo bomba linashuka." Alikaa, akajifuta uso. "Mzee, minde wako ameshakwenda mbali. Yuko kwenye ripoti. Yuko kwenye kalenda. Mwaka huu watu watatoa msaada kwa ajili yake. Huwezi kumwua tena."

"Na yule aliye hai?"

"Nani?"

"Chura. Wamebaki sita. Ukuta umekauka kwa sababu hatusafishi. Ukimlinda minde asiyekuwepo unamwua chura aliyepo, na sisi pamoja naye. Unaelewa hilo? Una digrii. Ninakuuliza, hilo wanalifundisha wapi?"

Arnold alitazama meza yake. Kisha alisema, kwa sauti ya chini, "Niletee chura mmoja ndani ya chupa. Nitampeleka kwa mtu ninayemfahamu."

"Nikutolee mmoja kati ya sita?"

Abdiel alitoka akauacha mlango wazi. Njia nzima mpaka Makumira alikuwa akiongea peke yake, na abiria wa jirani yake akasogea pembeni.

Asubuhi ya Jumamosi ya pili ya mwezi wa pili, pembe ililia kijijini. Ilikuwa pembe ya msaragambo wa mfereji, na kila ukoo ulijua maana yake: kila nyumba itoe mtu na jembe. Abdiel aliisikia akiwa kwenye nguzo. Aliwasikia kabla ya kuwaona, vyuma vikigongana njiani. Walikuja arobaini na zaidi. Mbele yao Mzee Melkizedeki, na pembeni yake Anyesi, mjane wa miaka sabini, kijiti mkononi na khanga kiunoni.

Walisimama upande wao wa nguzo. Abdiel alisimama upande wake.

Anyesi alimtazama kuanzia buti hadi kofia. Kisha akapiga goti kidogo, kama binti mbele ya babu yake.

"Shikamoo, bwana minde," alisema.

Baadhi walicheka, wengine waliangalia chini. Salamu ile kutoka kwa mama mwenye umri wa kumzaa ilimwingia Abdiel kama mwiba chini ya ukucha. Alishindwa kuitikia. Hakuna mtu mzima anayeweza kuitikia salamu hiyo.

"Nimepewa amri," alisema. "Akiingia mtu, nipige redio. Arnold na Dokta wako njiani, wanaleta wageni waone mahali pa zile nyayo."

"Piga," alisema Melkizedeki. "Sisi tuna utaratibu wetu." Alitoa daftari mfukoni, lile la majina ya mfereji, akaliweka mbali na macho, akaanza kuita.

Kila jina lilijibiwa. "Godbless Pallangyo." "Nipo." "Aikaeli Nanyaro." "Nipo." "Nyumba ya marehemu Eliasi." "Nipo," alisema Anyesi. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kabla ya jembe la kwanza, tangu zamani. Aliyeitwa akanyamaza aliandikwa kuwa hayupo, na asiyekuwepo hakuwa na zamu ya maji mwaka mzima, yeye na nyumba yake. Hakukuwa na udhuru ila ugonjwa na kifo.

"Abdiel Sumari."

Redio kiunoni ilikwaruza. Sauti ya Arnold ilisema wameshapita chuo cha Makumira, wanapandisha.

Mzee Melkizedeki hakurudia jina. Haikuwa desturi kurudia. Alilamba ncha ya kalamu akasubiri, kwa muda uleule aliompa kila mtu, si zaidi wala pungufu. Nyuma kabisa ya kundi Abdiel alimwona Eunike. Alikuwa amebeba majembe mawili.

Abdiel aliinama akafungua kamba za buti. Zilikuwa na fundo, akazikata kwa kisu. Alivua soksi, akakunja suruali ya kaunda suti hadi magotini. Redio aliifungua kiunoni akaitundika kwenye nguzo ya zege, ikiendelea kuongea.

"Nipo," alisema.

Melkizedeki aliandika, akafunga daftari, akavuka mpaka.

Abdiel alitangulia. Aliingia kwenye tope mpaka mapajani, akageuka akawaambia kwa ukali, kana kwamba wao ndio walioyaleta yote haya: "Mkono wa kushoto wa ukuta asiguse mtu. Mawe yale nitayasafisha mwenyewe kwa vidole. Jembe likipita pale, nitalivunja mpini." Wakajipanga mistari miwili, tope likaanza kupita mkono kwa mkono, matawi yakavutwa kwa kamba, vijana wawili wakaziba tundu kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Eunike alifanya kazi pembeni yake bila kumsemesha. Mara moja tu aliongea. "Hapo," alisema, akamwonyesha kwa kidevu chura mmoja kwenye ufa, amejibana, koo likipanda na kushuka. Abdiel aliuziba ule ufa kwa kiganja mpaka tope likapita.

Maji yalipanda taratibu. Yalifika kwenye kifundo, yakafika kwenye alama ya zamani ukutani, yakasimama hapo kama yanayofikiri, kisha yakainama na kuingia kwenye mfereji.

Kule chini, barabarani, gari lilibadilisha gia. Kisha likazimwa. Mlango wa kwanza ukafungwa, halafu wa pili, halafu wa tatu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mbele ya maji, Anyesi alikuwa anateremka ndani ya mfereji uliopasuka, mgongo umepinda, akisukuma majani makavu kwa kijiti chake ili yapate kupita, na maji, yakiwa bado mekundu na yenye povu, yalimfuata kwenye visigino.